Watoto wetu wapewe majina ya yale yaliyomo mioyoni mwao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo nimeliona likiingia mlangoni mwa darasa langu kila Januari. Nimefundisha darasa la awali kwa miaka 27, zaidi ya nusu ya miaka hiyo hapa Tanga, na nimestaafu karibuni. Kila mwaka wazazi walioniletea watoto wa miaka mitano waliniuliza maswali yale yale: je, mtoto atajua kusoma kabla ya kuingia darasa la kwanza, je, Kiingereza kinaanza lini, je, kuna masomo ya ziada jioni. Wengi walinieleza kwa fahari kwamba mtoto anahesabu hadi 100 na anazijua irabu zote. Sikumbuki mzazi aliyeniambia, bila kuulizwa, kwamba mtoto wake anaweza kungoja zamu, au kwamba akimwona mwenzake analia humwendea, au kwamba akikasirika husema badala ya kuuma.

Lakini darasani mambo hayo ndiyo yaliyoamua mwaka wa mtoto utakwendaje. Aliyejua kuhesabu hadi 100 lakini asiweze kustahimili mwenzake kushika kifuniko cha chupa alichokitaka yeye, aliumaliza mwaka akigombania vifuniko, na zile namba zikakosa kazi. Mwenzake aliyekuja hajui hata namba moja, ila alijua kuomba, kusubiri na kumwambia mwalimu kwamba anaogopa, kufikia mwezi wa sita alikuwa amekwisha kumpita. Sisemi hivyo kwa kudharau kusoma na kuhesabu, kwani ndiyo kazi iliyonilisha maisha yangu yote. Nasema kwa sababu nimeshuhudia mara nyingi mno kwamba mtoto asiyetulia moyoni hana pa kuliweka somo, na utulivu huo huja nao kutoka nyumbani, kama anavyokuja na sare yake.

Mwezi Desemba 2021 Serikali yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto hadi anapofikisha miaka 8. Programu hiyo ilitaja mambo matano ambayo mtoto lazima ayapate: afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, fursa za kujifunza mapema, na malezi yenye mwitikio. Manne ya mwanzo mzazi yeyote huyaelewa akiyasikia. Hilo la tano ndilo ambalo wazazi waliniuliza mara kwa mara lina maana gani, na nilikuwa nikiwajibu hivi: mtoto anapotoa ishara, iwe ni kilio, tabasamu, kimya au fujo, mtu mzima aione, aielewe, kisha aijibu. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kwamba yanayompata yana maana, kwamba yanaweza kusemwa, na kwamba yanapita.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya kizungu yaliyoletwa kutuharibia watoto kwa kuwadekeza. Ninawaomba wajue kwamba sehemu ya elimu hii ilichotwa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akaketi na akina mama 26 wa Kiganda, akiwatazama wakinyonyesha, wakibeba na wakizungumza na watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake alizisoma vyema ishara zake hakuwa ndiye anayelialia na kung'ang'ania nguo ya mama, kama tunavyohofia, bali ndiye aliyethubutu kutambaa mbali, akigeuka mara moja moja kuhakikisha kwamba mama yupo. Aliyekuwa na wasiwasi kama atajibiwa ndiye aliyelia zaidi, hata akiwa mikononi mwa mama. Yanayofundishwa leo katika vyuo vya dunia kuhusu mshikamano wa mama na mtoto yalianza, kwa sehemu, kwenye mikeka ya akina mama hao.

Sasa niingie katika lile ambalo hasa limenifanya nishike kalamu. Mtoto hawezi kutuliza kitu ambacho hakijui jina. Katika nyumba nyingi nilizozitembelea, mtoto anayelia hupewa jina moja kati ya mawili: mkorofi au mdekaji. Ilhali lugha yetu imejaaliwa maneno ya moyo ambayo bibi zetu waliyatumia kwa umakini mkubwa. Kununa si kususa. Aliyenuna bado yupo pamoja nasi, amekunja uso ili mtu amwulize kilichomsibu. Aliyesusa ameacha chakula au mchezo kwa sababu anaamini hakutendewa haki, na anachokitaka ni haki hiyo, wala si kubembelezwa. Kuna mtoto anayeona haya na kuna aliyetahayari, yule aliyejikojolea mbele ya wenzake na kutamani ardhi immeze. Kuna anayesononeka kwa sababu baba amesafiri, kuna mpweke, kuna mwenye kinyongo, kuna mwenye wivu. Mama anayemwambia mwanawe, "Naona umenuna kwa sababu dada yako ameanza kuhadithia kabla yako," amemfundisha mengi kwa sentensi moja: amempa neno, amempa sababu, na amemwonyesha kwamba ameonekana.

Neno wivu linastahili nisimame nalo kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mtoto wa kiume, mpole tangu Januari, ambaye kuanzia Aprili aligeuka ghafla akawa anawauma wenzake. Nilimwita mama yake. Katika mazungumzo ikabainika kwamba mdogo wake alikuwa amezaliwa wiki chache nyuma, kwamba wiki ile ile yeye alihamishwa kutoka kitanda cha mama na kupelekwa chumba cha bibi, na kwamba kila mgeni aliyekuja kumwona mzazi alimwambia, "Wewe sasa mkubwa." Hakuna aliyemwambia kwamba inauma kuambiwa hivyo ukiwa na miaka mitano. Nilimwomba yule mama ampe robo saa kila jioni mchanga anapolala, amkalishe mapajani na amwambie waziwazi: "Una wivu, mwanangu. Hata mimi niliona wivu alipozaliwa mdogo wangu." Mama alisita, kwa kuwa kwetu wivu ni tusi, mtu huambiwa ana wivu ili aaibike. Lakini alifanya. Kuuma hakukukoma siku hiyo wala wiki hiyo, ila kulipungua, na siku moja asubuhi mtoto yule alikuja akasimama kando ya meza yangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, leo nina wivu kidogo." Nilimshika mkono mpaka kengele ilipolia. Siku hiyo hakumuuma mtu.

Kinyume cha kuutaja moyo wa mtoto ni kuunyamazisha kwa vitisho, na hapa sote tuna makosa. "Nyamaza, polisi huyo anakuja." "Ukilia tena nitamwita daktari akuchome sindano." Hapa pwani tunaye pia mumiani, mnyonya damu wa kusimuliwa, ambaye amewanyamazisha watoto wa vizazi vingi. Mtoto kweli hunyamaza, na mzazi hudhani amemtuliza, kumbe amemwongezea hofu juu ya huzuni aliyokuwa nayo. Madhara yake huonekana baadaye. Siku ya chanjo mama hupigana na mtoto kliniki kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba daktari ni adhabu. Na mtoto anayepotea sokoni atamkimbia askari, mtu ambaye angemrudisha kwao.

Fimbo nayo haina budi kutajwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufikisha miaka 18, na waliotajwa zaidi kuwa walitenda hayo ni ndugu na walimu. Mimi ni mmoja wa walimu walioshika fimbo katika miaka yao ya mwanzo, na ninajua ilichofundisha: ilifundisha kuficha. Mtoto aliyechapwa kwa kumpiga mwenzake hakuacha kupiga, alisubiri nigeuze mgongo.

Mtoto anapowaka hasira, kwanza atulie mtu mzima. Ashushe sauti badala ya kuipandisha, achuchumae ili macho yao yawe sawa, na kama mtoto anakubali kushikwa, amshike. Nasaha zisubiri, kwa kuwa katikati ya kilio hakuna sikio linalosikia. Maneno machache yanatosha: "Umekasirika. Nipo hapa. Kupiga siruhusu." Ninasisitiza hayo ya mwisho, kwa sababu wapo wanaodhani kuukubali moyo wa mtoto ni kukubali kila anachokitenda. Hasira yake tunaipokea. Ngumi yake tunaizuia. Kilio kikishapita, labda baada ya nusu saa, labda wakati wa kuoga, ndipo mtu mzima anaporudi kwenye jambo lile na kumwuliza ni nini kilitokea, mwenzake alijisikiaje, na kesho wafanye nini. Mtoto wa miaka minne atahitaji hayo yarudiwe mara nyingi sana kabla hayajawa yake, na kurudia huko ndiko kulea.

Nitakiri kosa langu moja, maana nimewanyooshea wengine kidole. Mama yangu alipofariki, binti yangu alikuwa na miaka minne, na alikuwa amezoea kulala naye. Nilimwambia bibi amesafiri kwenda Korogwe. Niliona ninamhurumia. Kwa miezi kadhaa mtoto yule alikuwa akisikia basi linasimama barabarani anakimbilia dirishani, na mwishowe akaacha, akawa haulizi tena. Nilidhani amesahau. Miaka mingi baadaye, akiwa msichana mkubwa, aliniambia kwamba aliamini bibi alimchukia, ndiyo maana hakurudi wala kumtumia salamu. Watoto wadogo wanaweza kuambiwa kwamba mtu amekufa, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi, kwamba hatarudi, na kwamba sisi sote tuna majonzi na tunaruhusiwa kulia. Wanaweza kupelekwa kaburini na kutupa udongo kwa mkono wao. Wasichoweza kukibeba ni huzuni ambayo watu wazima wote wanaificha huku nyuso zao zikiwa nyekundu kwa machozi.

Kwa wavulana tunazidisha. Mtoto wa kiume akianguka huambiwa, kabla hata hajaangaliwa goti, kwamba mwanamume halii. Nimefundisha wavulana wa miaka mitano ambao walikuwa tayari hawana njia nyingine ya kuonyesha huzuni isipokuwa kupigana. Baba ndiye anayeweza kulirekebisha hili haraka kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani, na si lazima aketi kutoa somo. Inatosha mtoto amsikie baba akisema jioni, "Leo nimechoka na nina huzuni kidogo, mteja wangu ameniudhi, ngoja nipumzike," kisha amwone akipumzika bila kumfokea mtu. Inatosha pia kwamba baba aliyemkaripia mtoto kwa kosa asilolitenda amrudie na kumwomba radhi. Wazazi wengine huogopa kwamba kumwomba mtoto radhi kutawavunjia heshima. Kwa niliyoyaona, watoto walioombwa radhi nyumbani ndio waliojua kuomba radhi darasani bila kusukumwa.

Najua nitajibiwa kwamba muda hakuna. Mama muuza samaki hutoka saa kumi na moja alfajiri, na baba wa bodaboda hurudi watoto wamelala. Nimeishi kati ya watu hawa na siwezi kuwaambia watenge saa za somo ambazo hawanazo. Lakini kazi hii haidai saa za peke yake. Hufanyika ndani ya shughuli zilizopo. Mtoto anayechambua mchele pembeni ya mama anaweza kuulizwa leo ni nani alimfurahisha. Njia ya kwenda shule ina nafasi ya kutosha kumwuliza anachokiogopa.

Na sinia. Sisi tuliokulia katika nyumba za pwani tulifundishwa mengi kwenye sinia moja la wali kuliko tulivyotambua. Kila mtoto alikula upande wake, hakuvuka kwa mwenziwe. Kitoweo kilikaa katikati, hakikuguswa mpaka mkubwa akigawe. Aliyekula upesi alijifunza kumngojea aliyekula polepole. Hapo palikuwa na subira, haki na kumjali mwenzako, na hapakuwa na mhadhara hata mmoja. Siku hizi katika nyumba nyingi kila mtoto ana sahani yake na hula mbele ya runinga. Sidai kila familia irudi kwenye sinia kila siku. Ninaomba walau mlo mmoja kwa wiki uliwe hivyo, bila simu.

Hadithi za jioni zina kazi hiyo hiyo. Katika ngano zetu sungura hushinda na fisi huaibika, nasi hucheka. Nilipokuwa nikihadithia darasani nilikuwa nikisimama pale fisi anapoachwa peke yake mtegoni, nikauliza: fisi anajisikiaje sasa? Mara ya kwanza watoto walicheka. Baada ya wiki chache walianza kutofautiana, mmoja akasema ana hasira, mwingine akasema ana aibu, wa tatu akasema anamtaka mama yake. Mzazi anaweza kuuliza swali hilo hata kama hadithi anayoijua ni moja tu. Michezo ya nje pia tusiidharau: kwenye kombolela na mdako watoto hujadili sheria, hugombana, husuluhishana na kuanza upya, na kosa letu ni kuingilia mapema mno. Wasipoumizana, tungoje kidogo tuone watamalizaje wenyewe.

Kuhusu simu, nitasema machache. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama waliokuwa wakicheza na watoto wao wachanga waukaushe uso kwa muda wa dakika mbili tatu, wamtazame mtoto bila kutabasamu wala kujibu. Watoto walijaribu kutabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele, kisha wakageuza nyuso zao pembeni kwa unyonge. Sisi watu wazima tuna uso huo kila tunapokuwa ndani ya simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa chini ya miaka 2 wasikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja kwa siku. Ushauri huo tumezoea kuupima kwa simu aliyoishika mtoto. Tuupime pia kwa ile tuliyoishika sisi.

Nisimsahau dada wa kazi, ambaye katika nyumba nyingi ndiye anayekaa na mtoto kuanzia asubuhi hadi jioni, naye mara nyingi ni msichana mdogo aliyeacha nyumbani kwao na kubeba upweke wake mwenyewe. Mwajiri huwa anamwelekeza namna ya kupika uji na kufua nguo. Amwelekeze pia namna ya kumtuliza mtoto bila vitisho, na kwanza kabisa amtendee yeye kwa upole, kwa sababu mtu anayefokewa siku nzima hana upole wa kumgawia mtoto.

Mwaka 2023, Serikali ilipopiga marufuku huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, niliunga mkono kwa moyo wote. Wakati ule wazazi walilalamika, na mimi niliwaelewa, kwa kuwa wengine walikuwa na sababu nzito za kikazi. Lakini wapo watoto waliorudi kwenye nyumba ambazo jioni yote ni ya twisheni na wikendi yote ni ya mazoezi ya mitihani, hivyo wanalala nyumbani bila kuwa nyumbani.

Mhariri, nina maombi matatu. Wauguzi wa kliniki, ambao kila mwezi humpima mtoto uzito na kuujaza kwenye kadi, wamwulize mama swali moja zaidi: mtoto anacheza na nani, na akilia nani humtuliza? Walimu wakuu wanaoitisha mikutano ya wazazi, ambayo mingi nimeikalia na ikaishia kwenye michango na matokeo, watenge nusu saa ya mazungumzo haya. Na gazeti lako litenge safu ndogo kila wiki kwa ajili ya malezi ya watoto wa chini ya miaka 8, na mabibi na mababu waulizwe humo wao walikuwa wakimwambia nini mtoto aliyesusa. Mimi mwenyewe nipo tayari kuhudhuria mkutano wowote wa wazazi katika kata za Tanga Mjini, bila malipo, siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.

Mwalimu mstaafu wa darasa la awali,
Tanga